Miaka Arobaini na Mitatu ya Hendrikje Torenvliet na Walevi Wanne

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, Bi. Hendrikje Torenvliet atafunga chumba cha michoro cha Jumba la Brakenhof na kukabidhi funguo. Aliajiriwa hapa Haarlem Jumatatu tarehe 6 Septemba 1982, akiwa binti wa miaka ishirini na mitatu. Anastaafu akiwa na miaka sitini na saba, baada ya utumishi wa miaka arobaini na mitatu na miezi miwili kasoro siku chache. Sisi wote tunamwita Rikje. Anayemwita Bi. Torenvliet ama ni mgeni, ama amemuudhi.

Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi aliniomba ukurasa mmoja wenye vichekesho viwili. Vichekesho nitavitoa. Ukurasa mmoja hautatosha.

Rikje ni mtoto wa mfunga vitabu wa Monnickendam. Alikuja na mikono iliyokwisha kuijua karatasi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubandua gundi kuukuu nyuma ya michoro iliyokuwa imebandikwa kwenye albamu na watu wa zamani wasio na huruma. Kwa mwaka mzima alikaa na beseni la maji ya vuguvugu na brashi laini, akibandua karatasi moja baada ya nyingine. Mkuu wake wa kwanza aliandika kwenye taarifa ya mwaka kwamba binti huyu ni mpole na hana haraka. La pili lilikuwa kweli.

Kalamu za wino haziruhusiwi katika chumba cha michoro, ni penseli tu. Wengi wetu tuliijua sheria hiyo kama pambo la ukutani. Rikje aliitekeleza. Aliwahi kumpokonya kalamu balozi wa nchi moja kubwa aliyekuwa akisaini kitabu cha wageni karibu mno na meza ya michoro. Balozi alicheka, akinyoosha mkono arudishiwe. Alipewa penseli iliyotafunwa mwishoni, na kalamu yake akaikuta mlangoni wakati wa kutoka, ndani ya bahasha yenye jina lake. Hicho ni kichekesho cha kwanza.

Cha pili kinahusu makala yake. Brakenhof tuna michoro minne ya walevi, iliyochongwa kwenye mabamba ya shaba mnamo mwaka 1620 na mtu ambaye jina lake halijulikani. Katika wa kwanza, mnywaji amelala juu ya meza, na kando yake kuna kondoo. Katika wa pili anaruka juu ya benchi pamoja na nyani. Wa tatu anapigana, simba yuko mgongoni pake. Wa nne yumo matopeni na nguruwe. Chini ya kila mchoro kuna mistari miwili ya shairi. Kwa miaka mingi wataalamu waliandika juu ya hao wanyama: kondoo ana maana gani, nyani alitoka kitabu gani. Rikje, aliyekuwa ameisafisha michoro hiyo kwa mkono wake, aliona kitu kingine. Pembeni kabisa mwa kila mchoro, upande wa kulia, mkono unaingia kutoka nje ya picha. Umeshika jagi, unamimina. Mwenye mkono haonekani. Ila kifungo cha mkono wa shati ni kilekile katika michoro yote minne.

Akarudi kwenye mashairi, ambayo watu walikuwa wakiyasoma kama kelele za wahubiri. Lile la kwanza, lililo chini ya mtu na kondoo, linasema:

Usimcheke huyu aliyelala mezani;
uliza kwanza ni nani aliyemjazia.

Makala yake ilitoka mwaka 1991, kurasa sita tu. Alisema kwamba michoro hii haikuchorwa kwa ajili ya mlevi. Mlevi hanunui picha. Ilichorwa kwa ajili ya mwenye nyumba, mwenye kilabu, rafiki, yule anayemimina huku mwenyewe yu mzima na anacheka. Leo hakuna mtaalamu anayeandika juu ya michoro hiyo bila kuitaja makala hiyo. Kichekesho ni kwamba kwa miaka kumi na miwili walimtaja kwenye tanbihi zao kama Bwana H. Torenvliet. Alipata hata barua ya kumwalika kwenye chakula cha jioni, yeye na mke wake.

Watu hudhani kwamba mtu aliyeishi na michoro ya namna hiyo ni mtu wa kanisani anayeogopa glasi. Si kweli. Kila Ijumaa Rikje alikunywa bia yake moja na vipande vya jibini na haradali, akaridhika, akaenda zake. Hakuwahi kumhubiria mtu. Najua, kwa sababu mimi ningekuwa wa kwanza kuhubiriwa. Naitwa Joost Hamersma, mpiga picha wa jumba hili tangu 1994, na kwa miaka kumi na saba ya mwanzo sikuwa na siku niliyorudi nyumbani nikiwa sijalewa.

Huwezi kumweleza Rikje bila kumtaja Evert Knol. Wafanyakazi wapya hamkumkuta. Evert alikuwa mlinzi wa ghorofa ya pili, mtu wa Zaandam, mrefu, mwenye sauti ya kuita meli. Mwaka 1998 bomba lilipopasuka darini, yeye na Rikje walibeba masanduku mia tatu kwa mikono kushuka ngazi, wakati sisi wengine tukitafuta namba ya fundi. Hakuna mchoro hata mmoja uliolowa. Enzi hizo Evert alikuwa akinywa vibaya, na mkewe, Annelies, alikwisha kufunga mizigo mara mbili. Mwaka 2000 aliacha. Hakutangaza, aliacha tu. Kila asubuhi, akienda kufungua milango, alipita chumba cha michoro na kuuliza:

“Rikje, leo mimi ni nani kati ya wale wanne?”

Na Rikje, bila kuinua kichwa, alimjibu:

“Leo wewe ni Evert. Kafungue mlango, watu wanasubiri.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka sita.

Mwaka 2006 tulikuwa na mkurugenzi ambaye hayupo tena, na jina lake sitaliandika. Aliamua kufanya maonyesho makubwa ya michoro ya kale ya ulevi na ulafi, kwa ufadhili wa kampuni moja ya bia. Maonyesho yaliitwa Tunywe! Rikje aliombwa kuandika maelezo ya ukutani. Aliandika kile alichokijua. Maelezo yakarudi yamefupishwa mpaka yakabaki majina na tarehe. Mimi nikaagizwa kupiga picha ile michoro minne kwa ajili ya mabango na vikeka vya kuwekea glasi. Agizo lilisema mashairi yakatwe, kwa kuwa hakuna anayeyasoma, na upande wa kulia nao upunguzwe ili mnywaji akae katikati. Nikakata. Ilinichukua dakika ishirini.

Rikje alipoyaona mabango, alipanda kwa mkurugenzi. Nilikuwamo, nimepeleka picha nyingine. Mkurugenzi alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akamwambia kwamba siku hizi watu huja jumbani kufurahi, hawaji kuonywa. Rikje hakukaa.

“Mashairi umeyaondoa, na mkono nao umeuondoa,” alisema. “Kilichobaki ni tangazo la bia.”

“Basi wafadhili wetu watafurahi, Bi. Torenvliet,” mkurugenzi alijibu, akacheka. Na mimi nilicheka, kwa kuwa nilikuwa nimesimama upande wake wa meza.

Hilo lingekuwa jambo la karatasi tu, na karatasi huvumilia mengi. Lakini mkurugenzi alitaka siku ya ufunguzi walinzi watatu wavae kama wenye vilabu wa zamani, aproni na kofia, wasimame kwenye meza za bia katika ukumbi mkuu. Mmoja wao alikuwa Evert, kwa sababu ya urefu na sauti yake. Rikje aliomba ahamishiwe mlangoni. Aliomba mara tatu, mara ya mwisho kwa barua. Alijibiwa kwamba Bwana Knol ni mtu mzima na yeye mwenyewe hajalalamika. Ni kweli hakulalamika. Alimwambia Rikje, mbele yangu, kwamba aache kumlea. “Mimi si mtoto, Rikje. Nitasimama pale, nitamimina, nitarudi nyumbani.”

Ufunguzi ulikuwa Jumapili tarehe 8 Oktoba, saa tisa mchana. Kwa sababu ya ile barua, Rikje alipangiwa zamu ya ghala chini, kupokea masanduku ambayo yangeweza kungoja hadi Jumatatu. Kabla ya kushuka alinitafuta. Nilikuwa nafunga taa zangu ukumbini.

“Joost, kaa karibu na Evert,” aliniambia. “Sikuombi zaidi ya hapo.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilikaa karibu na Evert, hilo nililitimiza. Saa kumi nilikuwa nimekwisha kunywa glasi nne, na kila kitu kilikuwa kizuri machoni pangu: watu, muziki, mabango yangu ukutani. Nilitaka picha ya mwenye kilabu akiinua glasi. Evert alisimama vizuri na aproni yake, akainua glasi tupu. Picha haikuwa na uhai. Nikachukua jagi mwenyewe nikamjazia. Hata hivyo bado alikuwa kama mtu aliyeshika chombo cha mtu mwingine, mkono umekakamaa.

“Onja kidogo tu, mzee,” nilimwambia. “Kwa ajili ya kamera.”

Aliniangalia. Nimeueleza mtazamo huo kwa watu wengi, kwenye vikao vya watu wanaoacha pombe na kwa daktari, na kila mara nimeupamba kidogo ili nionekane nafuu. Hapa sitaupamba. Aliniangalia kama mtu anayesubiri mwenzake aseme kwamba anatania. Sikusema. Watu watatu waliokuwa nyuma yangu walianza kupiga makofi ya kumhimiza. Akanywa. Nikapiga picha. Ilikuwa picha nzuri, ikatoka kwenye ukurasa wa mbele wa jarida hili, toleo la Novemba mwaka ule. Anayetaka aitafute maktabani.

Rikje alipanda saa kumi na moja na nusu. Alimwona Evert, halafu akaniona mimi. Alimvua Evert ile aproni, akamvalisha koti lake, akamsindikiza kwa miguu hadi kwao Schalkwijk, mwendo wa saa nzima kwa hali aliyokuwa nayo.

Jumanne Evert hakuja kazini. Jumatano alikuja, akapita chumba cha michoro bila kuuliza kitu. Machi 2007 aliitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa kunuka bia kazini. Jumba lililomvisha aproni na kumweka mezani lilimshitaki kwa harufu. Rikje ndiye pekee aliyeomba kusema kwa niaba yake. Alieleza siku ya ufunguzi kama alivyoijua, akataja barua yake, akasema kwamba kulikuwa na mtu ukumbini aliyeona jinsi ilivyoanza. Mwenyekiti akanigeukia. Akaniuliza kama niliona lolote.

Nilisema nilikuwa nimeshughulika na kamera.

Rikje alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka kwangu. Nilimsikia akivuta pumzi. Evert mwenyewe alikuwa akitazama viatu vyake, na hata sasa sijui kama alikuwa anakumbuka. Alifukuzwa siku hiyohiyo.

Kuanzia hapo Rikje alikwenda Schalkwijk kila Alhamisi baada ya kazi, na sufuria ya supu ya njegere kwenye kikapu cha baiskeli. Annelies aliwahi kunisimulia, zamani, kwamba siku nyingine Evert aliinywa, siku nyingine aliitupa sinki huku akimtukana Rikje matusi ya bandarini. Rikje aliiosha sufuria, akarudi nayo Alhamisi iliyofuata imejaa. Evert alifariki Januari 2008. Ini lilikuwa limekwisha. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kwenye mazishi walikuja wafanyakazi wanne. Mimi sikuwa miongoni mwao.

Wiki moja baada ya mazishi Rikje aliiandikia bodi. Barua hiyo ipo kwenye faili lake, na ameniruhusu kuisoma. Ameeleza kila kitu kwa mpangilio: tarehe, maombi yake matatu, majibu aliyopewa, aproni, glasi, kikao. Mahali ambapo jina langu lingekuwa, ameandika “mfanyakazi mmoja”. Bodi ilimshukuru. Mwezi uliofuata akahamishiwa ghala la chini, kuandika namba kwenye masanduku. Alikuwa mtu ambaye makala yake inasomwa Paris na Vienna, akakaa miaka saba chini ya taa za neli, akiandika namba kwa penseli. Sisi tulimpita kwenye ngazi tukimsalimia. Tulisema miongoni mwetu kwamba ni mkaidi na kwamba amejiletea mwenyewe. Nayaandika haya katika wasifu wa kumuaga kwa sababu yeye atayasoma, na ninyi pia.

Mimi niliacha pombe mwaka 2011. Rikje hakuhusika, na nisingependa mtu aitengeneze hadithi hiyo. Mke wangu aliondoka, mikono ilianza kutetemeka kwenye kamera, nikaogopa. Nilipomaliza miezi mitatu nilishuka ghalani kumwambia. Nadhani nilitaka sifa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Vizuri,” akasema. “Nishushie lile sanduku la juu.”

Nilimshushia. Ndivyo tulivyoanza kufanya kazi pamoja tena: sanduku, ngazi, sanduku. Hakuwa na chuki ya kunionyesha, wala hakuwa na joto.

Mkurugenzi mpya alikuja mwaka 2015, akasoma mafaili, akamrudisha Rikje chumba cha michoro bila sherehe. Mwaka uliofuata alimpa chumba kimoja kidogo afanye maonyesho ayatakayo. Rikje alitundika michoro yake minne na basi. Aliniomba niipige picha upya, kamili, pamoja na mashairi na kingo zote. Nilifanya kazi hiyo kwa siku mbili. Nilipofika kwenye ule wa kondoo nilitazama kwa lenzi ya karibu kile kifungo cha mkono wa shati, kikajaa kioo chote, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Hakunifuata. Niliporudi alikuwa ameweka mchoro wa pili tayari mezani.

Maonyesho hayo hayakuvuta watu wengi. Gazeti moja liliandika kwamba ni makavu. Annelies alikuja siku ya mwisho, akasoma mashairi yote manne taratibu, akamuuliza Rikje kwa nini hakuna aliyeyaweka kwenye mabango ya mwaka 2006. Rikje alimjibu kwamba yalikatwa. Hakusema na nani. Nilikuwa nimesimama pale, hatua tatu tu. Siku hiyo, nikiwa nimechelewa miaka kumi, nilimwambia Annelies mwenyewe: nani aliyakata, nani alimimina, nani alinyamaza kwenye kikao. Alinisikiliza, akavaa skafu yake, akaondoka. Hajawahi kuniamkia tangu hapo, na simlaumu.

Katika miaka kumi hii ya mwisho Rikje amepanga upya michoro elfu kumi na moja, amewafundisha vijana watano kazi ya karatasi, na wawili kati yao sasa ni wakuu wa vyumba vya michoro katika miji mingine. Amekataa nishani ya manispaa mara mbili. Ametaka jambo moja tu kwa bodi, nalo alilipata mwezi Juni: kwamba picha yoyote ya michoro ya Brakenhof itakayotolewa nje itolewe nzima, au isitolewe. Sasa ni sheria ya jumba, kifungu cha tisa. Kwa mtu wa nje ni kifungu kidogo cha ofisi. Sisi tunajua bei yake.

Mhariri alinipa kazi hii kwa sababu nina picha nyingi za Rikje kuliko mtu mwingine. Rikje mwenyewe nilimpelekea rasimu Jumatatu iliyopita, kwenye chumba cha kusomea. Aliisoma na penseli mkononi. Alisahihisha tarehe mbili. Mahali nilipokuwa nimemwita mwenye moyo mpole, alipiga mstari. Aliposoma sehemu ya kikao aliirudia, lakini hakuigusa. Akanirudishia karatasi, akaanza kukusanya vitu vyake.

Nikaona kwamba nisipouliza siku hiyo sitauliza tena. Nikamuuliza kama amenisamehe.

Alifikiri. Rikje hajibu swali kabla ya kulifikiria, hata uwe umesimama mbele yake umeshika roho mkononi.

“Hapana, Joost,” alisema. “Nimekuzoea tu.”

Halafu akaniambia niliandike hilo pia, na nisiweke kitu baada yake cha kulilainisha.

Anahamia kisiwani Terschelling, kwenye nyumba ya dada yake, pamoja na Annelies Knol, ambaye atachukua chumba cha juu. Wamekwisha kununua mbegu za bustani. Kwa niaba ya wafanyakazi wa Brakenhof, waliokuwapo na walionyamaza, asante kwa kila karatasi uliyoiokoa na kwa kila jambo ulilotuambia mapema. Nenda salama, Rikje. Miaka iliyobaki iwe mirefu, iwe yako mwenyewe, na tusikusumbue.